Kurekodi HD kutoka kwenye king'amuzi: maswali yanayojirudia kila wikiendi

Kila dabi ikikaribia simu yangu haipumziki. Jirani wa juu, shemeji wa Mbagala, jamaa wa bodaboda pale kituoni Tabata, wote swali lile lile, nitairekodi vipi mechi wakati niko kazini? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi za dakika tano, kwahiyo nimeyakusanya hapa, ukiuliza tena nakutumia hii.

## Ya mwanzo kabisa

Hivi bado inawezekana kurekodi TV kama enzi za deki?

Inawezekana, ila sio kwa wepesi ule. Deki ulikuwa unachomeka waya wa antena nyuma, unaweka mkanda, unabonyeza kitufe chekundu, imeisha hiyo, deki haikuwa inauliza chaneli ni ya nani. Hapa Dar mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na toka siku hiyo kila kitu kinapita kwenye king'amuzi kwanza. King'amuzi ndo kinafungua chaneli na ndo kinaamua picha itokee tundu gani na kwa ubora gani.

Kwahiyo kabla hujauliza "ninunue nini", geuza king'amuzi chako uangalie nyuma kina matundu gani, afu ingia kwenye menyu uone kama kuna neno lolote la kurekodi. Watu wanakimbilia Kariakoo na laki mkononi wakati jibu lilikuwa nyumbani nyuma ya TV, limejaa vumbi.

Njia ziko ngapi?

Za maana tatu. Ya kwanza king'amuzi kinachorekodi chenyewe, kwenye diski yake ya ndani au kwenye flashi unayochomeka. Ya pili ni kunasa picha inayotoka king'amuzi ikaingia kwenye kompyuta. Ya tatu ni kuachana na king'amuzi, utumie app ya kampuni ya king'amuzi chako kama inaruhusu kuangalia kipindi kilichopita au kukipakua ndani ya app yenyewe.

Kama ya kwanza unayo, usihangaike na zingine. Kinachorekodiwa na king'amuzi ni ile data yenyewe iliyotoka hewani, haijatafsiriwa mara mbili, wakati kompyuta inapokea picha iliyokwisha funguliwa na inaikandamiza upya, lazima ubora kidogo udondoke.

Waya wa AV, ule wa njano nyeupe na nyekundu, si unatosha?

Unatosha kupata picha, HD hapana. Waya wa njano unabeba picha ya kizamani ya mistari 576 tu, hata kama chaneli ni HD na king'amuzi kimeandikwa HD kwa maandishi ya dhahabu. HD inaanzia 720 na ile kubwa ni 1920 kwa 1080, na hiyo inatoka kwenye HDMI. Ving'amuzi vingine vya zamani vina matundu matatu ya ziada ya rangi nyekundu, kijani na bluu, hayo nayo yanapitisha HD, kwahiyo kama unayo usikitupe hicho king'amuzi. Vipya vingi vimebaki na HDMI na AV basi.

Ila sitaidharau AV. Kama unamrekodia bibi kipindi cha dini aangalie kwenye TV ya nchi 24, AV haina usumbufu wowote na hataona tofauti.

## King'amuzi kinachorekodi chenyewe

Nitajuaje kama changu kinarekodi?

Tundu la USB peke yake sio ushahidi, ving'amuzi vingi vimewekewa USB ya kuongezea programu mpya au kuangalia picha tu. Angalia rimoti kama ina kitufe chenye doti nyekundu au herufi REC, halafu chomeka flashi ubonyeze. Kikikubali kitaanza kuhesabu muda pembeni ya skrini. Kikisema haiwezekani, basi haiwezekani, na hakuna fundi wa kukifungulia hiyo kazi kama hakikuwekewa. Kwa upande wa DStv kuna Explora yenye diski ndani yake kabisa, hiyo imetengenezwa kwa kazi hii.

Naweza kurekodi chaneli moja huku naangalia nyingine?

Inategemea kina tyuna ngapi, yaani kinaweza kushika masafa mangapi kwa wakati mmoja. Chenye tyuna moja ukianza kurekodi kinakufunga hapo hapo, au kinakuruhusu kuhamia chaneli chache tu zilizopo kwenye masafa hayo hayo. Hili ndo linaleta ugomvi sebuleni: baba anarekodi mpira, mama tamthilia yake imeanza, mtu anabadilisha chaneli na rekodi inakatika. Mjulishane.

Na ukinasa kwa kompyuta ndo kabisa, kinarekodiwa kile kilichopo kwenye skrini, mtu akiongeza sauti kwa rimoti ya king'amuzi na ile alama ya sauti inaingia kwenye rekodi yako.

Nimerekodi kwenye flashi, nimepeleka kwa rafiki haisomi. Flashi mbovu?

Flashi nzima. King'amuzi kinafunga rekodi kwa ufunguo wake chenyewe, hivyo inafunguka kwenye king'amuzi kile kile kilichorekodi, mara nyingine na kadi ile ile, na vingine vinataka hadi kifurushi kiwe hai. Ukiona faili lipo, lina ukubwa wa GB 5, lakini kwenye kompyuta halichezi hata kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, ujue ndo hilo. Chaneli za bure kwenye vingine zinarekodiwa wazi bila kufungwa, faili linaishia na .ts na VLC inalicheza vizuri tu.

Jambo la kujua mapema: king'amuzi kikiungua, na rekodi zako zimekwenda nacho.

TV yangu ya kisasa ina kitufe cha kurekodi, kwanini inagoma?

Swali hili nalipata kuliko yote. TV inarekodi kile inachoshika yenyewe kwa antena iliyochomekwa kwenye TV. Ukiwa unaangalia king'amuzi kupitia HDMI, kwa TV hiyo ni picha ya mgeni tu, haiwezi kuirekodi. Sio kwamba imeharibika, zote zinafanya hivyo.

Na ukichomeka flashi TV ikakuuliza "uiandae diski?" usibonyeze ndiyo kabla hujafikiri, inafuta kila kitu. Dada mmoja hapa mtaani alipoteza picha zote za sendoff kwa kitufe kimoja.

Nimetega irekodi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, nimekuta rekodi ya saa nane usiku. Imekuaje?

Umeandika 02:00. King'amuzi hakijui saa zetu. Saa mbili usiku ni 20:00, saa moja jioni 19:00, saa sita usiku ni 00:00 na hapo tarehe imeshabadilika. Cheki pia saa ya king'amuzi yenyewe iko sawa, vingine vinakuja na saa ya London na sisi tuko masaa matatu mbele ya GMT.

Mechi za Ulaya zinachanganya zaidi. Zile za saa nne usiku, baridi ikiingia kwao wanarudisha saa zao nyuma, huku kwetu zinahamia saa tano, na mechi ya saa tano inaisha saa saba kasoro, yaani siku ya pili yake. Mimi huwa natega ianze dakika kumi kabla na iishe nusu saa baada. Penati hazina ratiba.

## Kurekodi kwa kompyuta

Nahitaji vitu gani?

Kifaa cha kunasa HDMI (Kariakoo ukisema kepcha kadi wanakuelewa), waya mbili za HDMI, na kompyuta yenye nguvu ya wastani. Programu tumia OBS Studio, ni ya bure, usiuziwe na mtu kwenye CD. Mpangilio ni king'amuzi, kepcha kadi, kompyuta. Tafuta kadi yenye tundu la pili la HDMI la kutokea, hilo linaenda kwenye TV ili muendelee kuangalia wakati inarekodi, la sivyo familia nzima itakusanyika kwenye laptopu yako.

Kepcha kadi hizi ndogo kama flashi zilizoandikwa 4K ni za kweli?

4K hapo ni inayoingia, sio inayorekodiwa. Nyingi zinatumia USB 2.0, ambayo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde. Piga hesabu, picha ya 1080 kwa fremu 30 bila kukandamizwa inakaribia megabiti 1000 kwa sekunde, haiwezi kupita hapo. Kwahiyo kadi inaikandamiza kwanza fremu moja moja kama picha za kawaida, ndo maana rangi zinafubaa kidogo na nyasi za uwanja zinaonekana kama kapeti.

Kwa bei yake sio mbaya. Kwa tamthilia na habari inatosha sana. Kwa mpira ningekushauri uongeze hela uchukue ya USB 3.0 ya kweli, tena ukifika dukani mwambie muuzaji aijaribu mbele yako, chomeka, ona picha, ndo utoe hela.

Nimeunga kila kitu, kwenye kompyuta naona giza tupu. Tatizo?

Kama kwenye TV inaonekana na kwenye kompyuta ni nyeusi, karibu kila mara ni HDCP. Hii ni kinga iliyotengenezwa na Intel: king'amuzi na kifaa cha upande wa pili vinasalimiana kwanza kwa siri, king'amuzi kikigundua hicho cha pili sio TV halali kinazima picha. Sio waya mbovu, usinunue waya wa tatu.

Ving'amuzi vingine vinawasha kinga kwenye chaneli za kulipia tu na za bure zinapita, vingine vinaiwasha muda wote. Njia halali zilizobaki ni matundu matatu ya rangi kama unayo, au AV ukubali ubora wa chini, au urudi kwenye king'amuzi kinachorekodi chenyewe. Najua kuna vigawanyo vya HDMI watu wanauziana kwa kunong'ona kuwa "hivi vinatoa kinga". Hilo mimi sifundishi, kinga ya mwenye mali imewekwa kwa sababu, na usishangae ukinunua leo kesho programu ya king'amuzi ikibadilishwa kisifanye kazi.

OBS niweke mipangilio gani?

Kwenye king'amuzi kwanza: toa picha kwa 720p badala ya 1080i. Najua inauma kushusha namba, lakini 1080i inatuma mistari nusu nusu kwa kupokezana na kadi za bei nafuu zinaunganisha vibaya, mchezaji akikimbia anaota meno kama kitana. 720p inakuja nzima, fremu 50 kwa sekunde, mpira unateleza vizuri na laptopu ya zamani haihemi.

Kwenye OBS weka fremu 50, au 25 kama kompyuta ni dhaifu, sio 60 wala 30, sababu mfumo wetu wa TV unaenda kwa 50 na ukichanganya picha inarukaruka kila baada ya muda. Kasi ya data (OBS wanaiita bitrate) weka kati ya 8000 na 12000, yaani megabiti 8 hadi 12 kwa sekunde, aina ya ukandamizaji H.264. Kama prosesa ni Intel chagua ikandamize kwa Quick Sync, kama una kadi ya NVIDIA chagua NVENC, hapo prosesa yako inapumua. Na aina ya faili weka MKV, sababu yake iko kwenye swali la umeme.

Picha ipo, sauti hamna.

Kwenye menyu ya king'amuzi nenda sehemu ya sauti, toa Dolby weka PCM au stereo. Kepcha kadi nyingi hazijui kusoma Dolby. Ikigoma bado, kwenye OBS hakikisha sauti inachukuliwa kutoka kwenye kadi, sio maikrofoni ya laptopu, la sivyo utapata mechi yenye sauti ya feni na watoto wanaogombana.

## Nafasi na umeme

Mechi moja inakula GB ngapi?

HD ya megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 1 kila sekunde, saa moja ni GB 3.6. Mechi na mapumziko yake weka masaa mawili, GB 7.2. Diski ya GB 500 inabeba masaa mia na thelathini na kitu. Ukipandisha kasi hadi 12 zidisha kwa moja na nusu.

Rekodi inakatika yenyewe baada ya saa moja hivi, kila siku.

Flashi yako imeandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kutunza mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Kwa hesabu ya hapo juu ni saa moja na dakika chache, yaani mwanzoni mwa kipindi cha pili. Ving'amuzi vingine vina akili vinaikata vipande vipande na kuendelea, vingine vinasimama tu. Iandae upya kwa NTFS au exFAT kama king'amuzi chako kinaisoma, na kama hakisomi basi rekodi vipande viwili.

Flashi ya TB 1 kwa elfu ishirini inafaa?

Haipo hiyo kitu. Nilinunua, nisikudanganye. Ndani ilikuwa na GB 8 halisi, imechezewa ijitangaze TB 1, unarekodi, jina la faili linaonekana, ukifungua hamna kitu. Ijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini, inaandika flashi yote na kuisoma tena. Kwa kazi hii nunua diski ya nje (eksteno) ya kawaida, hata iliyotumika, na flashi za kawaida zinachemka zikiandikwa masaa mawili mfululizo.

Umeme ukikatika katikati?

Hapa ndo MKV inapoingia. Faili la MP4 la kawaida linaandika orodha yake ya mwisho pale unapobonyeza simamisha, umeme ukikatika kabla, hata kama ulishanasa dakika themanini, halifunguki. Nimelia na hili mwenyewe, dabi nzima, na goli zote zilikuwa kipindi cha kwanza. MKV inaandika kidogo kidogo, umeme ukikatika unabaki na yote hadi sekunde ile. Ukitaka MP4 baadae OBS ina sehemu ya kubadilisha, ni dakika moja na ubora haupungui.

Laptopu ina betri lakini king'amuzi na TV havina, kwahiyo bila UPS ndogo laptopu itaendelea kurekodi giza kwa uaminifu mkubwa. Na kabla hujatoka cheki uniti za LUKU zimebaki ngapi. Nacheka ila imetokea kwangu pia.

## Yale ya pembeni

Mvua ikinyesha rekodi inapiga chenga, kuna programu ya kurekebisha?

Hakuna. Mawimbi ya dishi yanadhoofika yakipita kwenye mvua kubwa, ile data haikufika kwenye king'amuzi, na ambacho hakikufika hakirekodiwi. Unachoweza ni kumwita fundi wakati wa kiangazi akusogezee dishi lishike vizuri zaidi, ili masika ikija liwe na akiba kidogo.

Nikirekodi skrini ya simu kwenye app napata weusi.

Ni ndugu yake HDCP, ile kinga ya kwenye swali la giza tupu, ila huyu yupo ndani ya app. Tumia kitufe cha kupakua cha app yenyewe kama kipo.

Nikirekodi nikaweka YouTube, au nikaonyesha bandani kwangu?

Hapo unatoka kwenye kurekodi unaingia kwenye biashara ya mali ya mtu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, wapo kwa ajili hiyo. Kuangalia mwenyewe baadae sebuleni ni habari moja, kuuza nakala, kurusha mtandaoni au kutoza watu mia tano mlangoni ni habari nyingine na inataka kibali cha mwenye haki. YouTube wenyewe wana mashine inayotambua video, na maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanatosha kufungiwa chaneli. Banda la kibiashara lina kifurushi chake, ongea na kampuni ya king'amuzi chako kabla hawajaja wao.

Nina mikanda ya deki ya harusi ya wazazi, hii kepcha kadi itanisaidia?

Ya HDMI hapana, deki haina HDMI. Tafuta ile ya AV yenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, ni ya bei nafuu kuliko zote, na OBS ni ile ile. Kwenye mipangilio chagua PAL, mfumo wa picha wa huku kwetu, ukiacha NTSC picha inaweza kuja bila rangi au inajikunja. Weka MKV, megabiti 4 zinatosha maana mkanda hauna HD ya kupoteza.

Kabla hujaingiza mkanda ufungue kile kifuniko chake uangalie kama umeota ukungu mweupe, joto na unyevu wa Dar hauna huruma. Ukiwa na ukungu usiuingize, utaharibu na vichwa vya deki, mpelekee fundi ausafishe kwanza. Ukiwa msafi, upeleke mbele hadi mwisho urudishe mwanzo mara moja ulegee, ndo uanze kurekodi, na usisimamishe katikati hata kama ni sehemu ya hotuba ya mshenga.